Hewa Inayokaa

Jumatatu, 3 Juni
Nafasi ya mtunza tangi imetangazwa. Lazima niipate. Wifi, anayenilelea Kibonge wangu, anarudi kwao Jumapili, na chumba cha watoto hapa kituo cha utafiti wa bahari ni cha walioajiriwa tu. Sisi wafagizi ni vibarua. Kibonge ana miezi minane na meno mawili. Siwezi kumficha kwenye kabati la mifagio. (Nimepima. Haenei.)

Mpinzani ni mmoja tu: mfagizi mwenzangu, Bi Mkasi. Jina kalipata kwa kukata watu maneno.

Jumanne, 4 Juni
Mtaalamu wa bahari, dada mpole mwenye miwani, katuonyesha tangi. Maji ya chumvi, ukubwa wa chumba changu. Wanasukuma hewa chini kwa mrija, kisha wanapima inayovuja juu. Wanataka kujua ikizikwa baharini itatulia au itatoroka. Inaitwa hewa ya ukaa. Nikaelewa papo hapo: ni ile inayokaa. Bi Mkasi akadakia kwamba ukaa ni mambo ya makaa. Nilimwonea huruma.

Jumatano, 5 Juni
Nimetia mkono kwenye tangi. Baridi ya kung'oa kucha. Nani atakaa humo? Kibonge nikimwogesha maji baridi anaruka hadi mlangoni. Ya uvuguvugu, anasinzia humo humo beseni. Kesho nakuja na hita yangu ya maji ya kuoga. Mtaalamu atakuta hewa imelala fofofo.

Alhamisi, 6 Juni
Saa tatu nilizamisha hita. Saa nne, mapovu. Nikadhani inakoroma. Saa tano tangi lilifoka kama soda iliyotikiswa, kipimo kikapiga kelele, jengo zima tukatolewa nje.

Mtaalamu hakunigombeza, na hilo ndilo liliuma. Kasema maji ya baridi ndiyo hushika hewa. Yakipata joto huiachia. Nikauliza kwa nini hawakuandika mlangoni. Bi Mkasi akasema wameandika. Kweli. Nilikuwa nimetundika koti juu ya maandishi.

Ijumaa, 7 Juni
Bado nina nafasi. Mtaalamu kasema hewa iliyobaki imeyafanya maji kuwa makali, yanakula magamba ya konokono wa majaribio. Maskini, hawana mama. Nikawapaka wote mafuta ya mtoto, mmoja mmoja, hata mgongoni. Mchana wakaanza kuteleza kwenye kioo na kudondoka. Tap. Tap. Tap. Bi Mkasi alihesabu kwa sauti.

Jumamosi, 8 Juni
Kazi kapewa Bi Mkasi. Nililia kidogo chooni, nikanawa, nikaenda kumpa hongera. Akanisogezea kiti. Akaniambia kuna jambo ambalo hatukulifikia Jumanne: chini kabisa, kama mita elfu tatu, hewa hubanwa na shinikizo la maji mpaka inakuwa nzito, inazama yenyewe. Haihitaji kubembelezwa.

Shinikizo! Wiki nzima nilikuwa nabembeleza.

Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mkurugenzi, kumwombea Kibonge nafasi chumba cha watoto. Mimi, Kibonge na mama mkwe, anayepita mjini siku hiyo tu na ambaye salamu zake peke yake ni nusu saa. Nimemwomba asianze kumsalimia mkurugenzi mwenyewe, aanze kwa kuulizia ukoo wake wote. Tutamshinikiza mpaka azame.