Mwizi wa Senene Mwenye Sweta Jeupe

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe, tena kwa ushahidi niliouandaa mwenyewe.

Jumatatu nilifunga kamera stoo, hapa nyumbani Hamugembe, ili ilinde magunia ya kahawa. Sikumwita fundi. Nilisoma kijitabu chote cha kamera, kalamu mkononi, kisha kila jioni nikaijaribu. Siku hiyohiyo mama mkwe alifika kutoka Kimwani kututembelea. Na mke wangu, Adelina, alikuwa amekaanga senene, wale panzi watamu wa msimu, akajaza kopo kubwa na kuliweka humohumo stoo. Wakwe watarajiwa wa binti yetu Koku wanakuja Jumapili, na wageni wa namna hiyo hawakaribishwi kwa maharage.

Jumanne kopo lilipungua. Jumatano likapungua tena. Nikaanza kuwatazama watu midomo. Mama mkwe akisukutua baada ya kula, naandika. (Ndiyo, nilikuwa na daftari.)

Leo asubuhi nikafungua picha za kamera kwenye simu. Za gizani hazina rangi, lakini zilitosha: mtu ameipa kamera mgongo, amevaa kitu cheupe pepe, mkono ndani ya kopo. Nyumba hii ina sweta moja tu jeupe, na limetoka Kimwani. Nilitazama sekunde kumi, nikaridhika.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilimwambia Adelina.

"Unamwita mama yangu mwizi?"

"Simwiti. Kamera ndiyo inayosema."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti. Aliingia chumbani, akatoka na begi lililofungwa.

"Waitu, baba Koku," akasema kwa adabu, "nilikupa binti sikukuhesabia kitu. Leo unanihesabia senene. Nionyeshe hiyo kamera yako, kisha uniitie bodaboda."

Nikaunganisha simu na televisheni. Kabla ya kuanza nikatoa maelezo, maana mimi huwa natoa maelezo.

"Mchana inaona rangi. Giza likiingia, inawasha taa yake ambayo macho yetu hayaioni."

"Wewe unaiona?"

"Hapana, mama."

"Haya. Endelea."

Mtu wa nguo nyeupe akatokea. Akanyata. Akachota. Akatafuna.

"Mabega hayo si yangu," akasema mama mkwe.

"Tazama sweta, mama."

"Natazama mabega."

Adelina hakuwa anatazama televisheni tena. Alikuwa ananitazama mimi.

Yule mtu akasogea ukutani, akawasha taa. Picha yote ikawa nyeupe, kama kamera imepigwa na butwaa, kisha rangi zikaanza kurudi moja moja: ukuta wa kijani, magunia, mfuniko mwekundu wa kopo. Sweta jeupe likawa koti jeusi la nailoni. Koti langu. Ndani yake nilikuwemo mimi, mashavu yamejaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ili jaribio liwe la kweli, kila jioni nilifanya yote anayofanya mwizi: kuzima taa, kunyata, kuchota. (Viganja viwili. Siku nyingine vitatu.) Na mtu wa kwenye picha niliamini si mimi kwa sababu moja tu: koti langu ni jeusi.

Mama mkwe akaweka begi chini.

"Koti limetakasika," akasema. "Mwenye koti bado."

Nikakimbilia kijitabu. Ukurasa wa tisa: baadhi ya nguo nyeusi huonekana nyeupe gizani. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Adelina amenituma nikatafute senene wengine kabla ya Jumapili, na ameagiza niende na koti hilohilo.

Naomba msicheke. Wa nyumbani wananitosha. Mama mkwe ameahirisha safari. Anasema haondoki mpaka shangazi zake Adelina waje kuiona picha hiyo, na rimoti ameikalia.