Platini ya Shangazi Gaudiosa

Jumatatu, 12 Januari 2026

Sijamwambia mtu yeyote: pete ya ndoa ya Shangazi Gaudiosa ninayo mimi. Huivua akienda kupalilia, huificha nyuma ya picha ya Bikira Maria. Nilisali kwanza, ndipo nikaichukua.

Sababu ni Luisa, kichanga wa dada Edina. Maziwa ya dada hayatoshi, anamkorogea ya kopo kwa maji ya kisima. Leo Bwana Shamba Vitalis alichovya kikaratasi kisimani, kikawa chekundu. Alisema mbolea imeshuka kutoka kwenye ngoro, mashimo yetu ya kulimia mlimani. Maji yana naitreti ya mbolea hiyo, yatamnyima mtoto hewa kwenye damu. Dada achote chemchemi ya juu. Mlima wote ule! Aliniachia vikaratasi, kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne. Ila mimi nilikwisha soma kwenye simu: umeme na chembechembe ndogo mno za platini huvunja naitreti. Na Shangazi huapa kwamba pete yake ni platini.

Jumatano, 14 Januari

Nimekwangua pete gizani, kwa tupa. Unga nimeupaka kwenye kijiti cheusi cha betri kuukuu ya redio, nikakiunga na betri ya sola. Mapovu! Nikachovya kikaratasi. Naitreti imepungua kidogo. Naitraiti, inayotokana nayo na ambayo haikuwepo kabisa, sasa ipo. Nimesoma tena: naitraiti ndiyo mbaya zaidi.

Nimeyaharibu maji yaliyokwisha haribika. Nimeyamwaga migombani.

Ijumaa, 16 Januari

Taa zimegoma. Betri nimeimaliza. Shangazi akaanza kuulizia taa, kisha pete, nikampa pete bila kumtazama. Mwangani, nilipokwangua pakaonekana pa njano. Shaba tupu!

Nilingoja kofi. Alikaa kwenye kigoda, akasema taratibu kumbe marehemu mume wake alimdanganya hata hapo. Mungu amsamehe, yeye bado. Kisha akacheka mpaka akalia. Dada Edina akaniuliza kama mtaalamu amemaliza, abebe ndoo, mtoto ana njaa. Tukapanda chemchemini wote watatu.

Jumapili, 18 Januari

Luisa anashiba maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya chemchemi. Shingo yangu inauma kwa ndoo. Shangazi anavaa pete, upande wa njano juu.

Nimetafakari wakati wa misa. Kosa lilikuwa moja tu: haikuwa platini. Padri Kilian ameleta gari jipya, na nimesoma kwamba ndani ya ekzosi za magari kama hilo mna platini, chembechembe ndogo mno. Gari hulala nje. Tupa bado ninayo.

Wewe unayesoma, nakuomba, usimwambie mtu. Hasa Padri.