Machozi ya Jumapili

Jumatatu, 4 Novemba. Katoro.
Dada Limi kapiga simu. Jumapili ukoo unakaa nyumbani Samuye kuamua nani akabidhiwe maksai wawili wa marehemu Baba. Nawataka mno, wakanivutie mawe ya dhahabu machimboni Rwamgasa. Limi kasema, Maduhu, wewe hupati. Eti nilisimama kaburini macho makavu, nachungulia simu! Kweli. Binamu Enock alilia hadi akazirai, na Baba hakuwahi hata kumwazima jembe. Mimi nilimpenda Baba. Machozi yalikwenda wapi, sijui. Ila Jumapili nayahitaji.

Jumatano, 6 Novemba.
Nimekwenda kwa Mzee Ishwarlal, muuza vitenge, ambaye kila asubuhi hufanya yoga nyuma ya duka. Shikamoo, marahaba. Nikaomba somo la kulia. Hakuna, kasema. Yoga ni kufunga fikra na hisia kwenye nira moja. Eti mimi nilikwenda kuzika na ng'ombe mmoja, wa fikra, yule wa hisia nikamwacha zizini. Nivute pumzi, nikae na huzuni bila kuipangia kazi. Nikafumba macho. Nikapanga mengi. Mguu ukafa ganzi, nikaangukia majora ya vitenge.

Jumamosi, 9 Novemba. Samuye.
Kitunguu ndani ya leso. Mpango safi! Nikajipangusa mlangoni kwa Mama. Macho yakawaka moto, sioni kitu, nikamkumbatia mtu na kumlilia Baba kifuani pake. Alikuwa Enock. Limi akainusa leso. Akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Novemba.
Wazee wamefika. Limi akaniagiza niwalete maksai. Hawakutaka kutoka zizini. Nikapiga mluzi wa Baba, ule unaoshuka mwishoni. Wote wawili wakainua vichwa. Wakanitazama, kisha wakatazama nyuma yangu. Walikuwa wanamtafuta. Hapo nikajua Baba hayupo, na kwa mara ya kwanza kujua na kuumia vikaja pamoja. Nimelia nimeshika pembe. Limi kaja, tukalia wote. Nilisahau kabisa kwamba wazee wanatazama.

Limi kapewa maksai. Kanisihi nibaki tulime pamoja shamba la Baba, mvua imeanza. Wala sikuudhika. Moyo mwepesi, kichwa kimetulia. Mzee Ishwarlal alisema kweli.

Jumatatu, 11 Novemba.
Nimemwambia Limi nina haraka, kazi zinaningoja Katoro. Kaenda kuwafunga maksai nira peke yake. Nasikia shangazi anaumwa sana, na ana mbuzi wengi. Kabla ya kupanda bodaboda nimerekodi ule mluzi kwenye simu. Safari hii msibani hawatanikuta macho makavu.