Kitambaa cha Mama na Nyuzi Tisini na Nane

Alhamisi, 6 Juni
Kompyuta ya marehemu mama ipo mezani kwangu, kitambaa chake cha kufuma juu, vilevile alivyoiacha. Dada anaitaka. Na mimi naitaka. Ndani yake kuna ule mchezo wa magari, jina MAMA kileleni: dakika moja, sekunde arobaini na mbili. Hatukuwahi kumfikia. Alikuwa akiendesha huku anatukemea tusimtikisie kiti. Nimemkumbuka mpaka chai ikapoa.
Tumekubaliana na dada: Jumapili tushindane. Atakayemkaribia mama zaidi, kompyuta yake.

Ijumaa, 7 Juni
Mazoezi. Nilikitoa kitambaa, nisije nikakimwagia chai. Pembeni mwa kioo joto la kompyuta linasoma nyuzi sitini na nane, magari yanakwenda kasi, kila kona nagonga ukuta. Chai ilipoisha nikakirudisha, nikaanza upya. Joto likapanda hadi tisini na nane, likashuka lenyewe, likapanda tena. Magari yakaanza kutambaa. Nikadhani ina homa.
Nimemuuliza fundi wa kompyuta. Akasema si homa: prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi isiungue. Kitambaa kinaziba matundu ya hewa, nikitoe. Nimemshukuru sana. Kichwani mpango umeshaiva.

Jumapili, 9 Juni
Nilitangulia, bila kitambaa. Dakika moja, sekunde hamsini na nne. Si haba.
Zamu ya dada, nikakitandaza kitambaa cha mama juu ya kompyuta, taratibu. Nikasema mama asingependa ipate vumbi. Dada akanishika bega, machozi yakimlengalenga. Niliona haya, lakini sikukitoa.
Tisini na nane. Gari lake likajikokota. Nikacheka moyoni. Ila kwa mwendo ule dada alikuwa na nafasi ya kuikata kila kona na bado akajikuna pua. Na saa ya mchezo nayo ilikuwa inajikokota!
Dakika moja, sekunde arobaini na tatu.
Ikabidi nikiri. Dada akauliza kama mama aliwahi hata siku moja kukitoa kitambaa kile. Hakuwahi. Tulicheka mpaka tukatoa machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.
Akiaga alisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatatu, 10 Juni
Dada ameondoka na kompyuta. Mezani pamebaki mraba usio na vumbi. Kitambaa ameniachia, bado kina harufu ya sabuni ya mama.
Nimepakua mchezo ule wa magari kwenye simu, nami nimfikie mama, nikaivika kitambaa, nikaiweka juani dirishani. Baada ya dakika tano simu ikaandika kwamba joto limezidi, ikajizima.
Mambo yanakwenda vizuri. Kesho naongeza blanketi.