Jumba la Mikutano na Harusi Yangu

Chukwani, Unguja
9 Agosti 1971

Ndugu Katibu wa Kamati ya Jumba,

Assalaam alaykum. Nimesikia mnaandika historia ya jumba letu la mikutano. Naomba niwasaidie, maana historia yake na ya mimi kukosa mke ni moja.

Jumba lilipoanza kujengwa kwa kujitolea mwaka 1964, Mzee Kificho alibeba mawe mpaka bega likachubuka. Akaapa mbele ya watu: "Binti yangu Wanu ataolewa ndani ya jumba hili, wala si pengine." Mimi nilikuwa nshamposa Wanu. Nilipiga makofi kuliko wote.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka 1965 mlinipa siku. Dada yangu akapika pilau. Tulipofika, kamati ilikuwa ndani, ikijadili lini jumba litaezekwa. Mkutano uliendelea mpaka magharibi, wajumbe wakala pilau yote, na mimi nikaandikwa miongoni mwa waliohudhuria.

2. Lilipoezekwa, likafanywa ghala la mchele. Nikaambiwa, "Subiri mchele uishe." Nadhani nilikuwa mtu pekee Unguja nzima aliyeomba mchele uishe. Majirani walijua, na mpaka leo wengine hawanipi mkono.

3. Mchele ulipokwisha, likawa darasa la kisomo cha watu wazima, na asiye mwanafunzi haingii. Nikajiandikisha, ingawa mimi ni fundi cherehani na kusoma najua. Nikakaa dawati moja na mkwe wangu mtarajiwa, tukiimba a, e, i, o, u. Yeye alifaulu. Mimi nilifukuzwa kwa kujua. Na tangu mzee ajue kusoma, hanisikilizi tena; huenda mwenyewe mlangoni kusoma tangazo: "Jumba limefungwa kwa matengenezo."

4. Mwezi uliopita nilimwendea karani wenu, Ndugu Duni. Akanambia, "Harusi haiwezekani. Jumba hili ni la shughuli za umma." Nikamwambia, "Bwana, nimealika Chukwani nzima. Kama hawa si umma, nambie umma wanakaa wapi, nikawaalike." Akafunga dirisha.

Kwa hivyo naomba mnipe jumba kwa siku moja. Ikishindikana, naomba kamati iandike cheti, chenye muhuri, kuwa jumba hili halijajengwa. Mzee aliapa juu ya jumba. Likiwa halipo, kiapo hakipo. Na kama mtaona haya kuandika hivyo huku linaonekana, mimi niko tayari kulibomoa kwa kujitolea, kama lilivyojengwa.

Nisalimieni wajumbe wote, mlinzi, na hasa yule aliyemaliza nyama ya pilau.

Wenu katika subira,
Muhiddin Usi, fundi cherehani

Nyongeza, 14 Agosti: Kabla sijaipeleka barua hii nilimpa Wanu aikague. Akaisoma yote, akanitazama. "Muhiddin, kamati unaiandikia kurasa mbili. Mimi hujaniandikia hata mstari." Akaenda kwa baba yake, nami nyuma. Akamwambia, "Baba, nnaolewa Ijumaa msikitini. Ulioapa ni wewe, si mimi." Mzee Kificho aliinuka ghafla, nikadhani nimekwisha. Kisha akauliza kanzu yake nyeupe iko wapi.

Tumeoana jana. Mzee alilia kuliko mama wa bibi harusi. Kwa hivyo naomba malalamiko yote ya juu myafute.

Badala yake, naomba mniwekee jumba kwa akika ya mtoto wetu wa kwanza. Wanu bado hana kitu tumboni, na amenikataza kuandika haya. Lakini nyinyi nawajua; nimeona niombe mapema.