Habari za Nolasco, Trela la Maharage na Mwavuli wa Mama Mkwe

Sogeeni, enyi mliokaa vibarazani mkichambua maharage, nanyi mlioegemea pikipiki zenu njia panda mkimngoja abiria asiyekuja! Zimeni redio, mbembelezeni mtoto anyamaze, na mwenye kikohozi akohoe kabisa kabla sijaanza, kwa maana habari niliyonayo haipendi kukatizwa. Sitawaimbia wafalme wa zamani na ng'ombe wao wa pembe ndefu. Hao wamekwisha kushiba sifa. Nawaletea Nolasco mwana wa Gaudiosus, Mshika-Usukani, Mbeba-Maharage, dereva mpya wa masafa marefu, ambaye siku ile, mchana kweupe, katika mteremko wa Songambele, alirudi nyuma na trela lenye mzigo, huku mama mkwe wake akiona. Mnaocheka mnacheka kwa kuwa hamjawahi kurudisha trela. Au hamjaoa.

Tajiri wa magari aliitwa Gosbert, mtu wa Muleba aliyehamia Omurushaka na kunenepa hapo. Asubuhi ile alisimama mbele ya gari lake jipya, kichwa chekundu na trela lenye magurudumu mengi kuliko watoto wa jirani, akanena kama mtu anayekabidhi ufalme.

"Nolasco, umeendesha Fuso langu humu wilayani, ukabeba mchanga na matofali, nami nikakutazama. Leo nakupa kichwa na trela. Nenda Nyakatuntu, pakia maharage, uniletee hapa. Ukifika bila mkwaruzo, tingo wako atapanda na mtaendelea hadi Dar es Salaam, na tangu saa hiyo wewe ni dereva wa masafa. Ukifika na kidonda hata kimoja, utanirudishia ufunguo, Dastan ataondoka nao, na wewe utarudi kwenye mchanga wako."

Dastan, dereva mwingine aliyeutamani ufunguo ule, alikuwa ameketi pembeni akichokonoa meno, bila haraka yoyote, kama mtu anayengoja ndizi iive. Nolasco akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Aliutaka udereva ule kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, ukimwondoa mkewe, na hata hapo palikuwa na siku za mashaka.

Akaenda Nyakatuntu, akapakia. Turubai lilikuwa likifungwa kamba ya mwisho simu ilipolia. Alikuwa mkewe, Ainembabazi, mwanamke mwenye sauti tamu sana anapotaka kumtia mtu matatani.

"Baba watoto, mama yangu anakwenda Omurushaka kwenye ubatizo, na pikipiki haziamini. Nimemwambia utampitia."

"Mama yako? Nimpakie humu? Ndani ya kichwa kimoja?"

"Kwani kichwa hakina viti?"

Hapa lazima niwaeleze sheria, ili msije mkasema Nolasco alikuwa mwoga bure. Katika nyumba ya mama mkwe huyo, Ma Anatolia, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe, wala mama yule hamtazami. Hawali pamoja, hawaketi ubavu kwa ubavu, na mama halitamki jina la mkwewe hata nyumba ikiungua. Sheria hiyo ilitungwa na watu waliokuwa na nafasi ya kutosha kupishana. Hawakuwaza kichwa cha trela.

Ma Anatolia alikuwa barabarani tayari, Mlutheri wa damu, kitenge kimenyooka, kikapu mkononi na mwavuli mweusi kwapani. Nolasco akashuka, akaligeukia gurudumu la mbele, akaliamkia kwa unyenyekevu mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Ma Anatolia akakijibu kioo cha pembeni. Kisha akaweka kiganja chake juu ya boneti, akalihutubia gari lenyewe. "Ewe gari, umetumwa na binti yangu, nami nakushukuru. Ila nasikitika. Binti yangu aliolewa na mtu wa shamba la kahawa, na sasa nasikia wewe unataka kumchukua mume yule ukamfundishe kuzurura. Leo mtu yuko Kahama, kesho Morogoro, keshokutwa hajulikani. Kazi gani hiyo, ya kuikimbia migomba? Waitu, tafadhali, nibebe, lakini ujue sijafurahi."

Ma Anatolia akapanda, akavipita viti vyote viwili, akaketi nyuma juu ya kitanda cha dereva, akavuta pazia. Ndivyo alivyosafiri, kama malkia asiyetaka kuonwa na raia. Nolasco aliendesha shingo ikiwa imekauka. Gonja lake, ndizi ya kuchoma, lilikuwa limelala kwenye dashibodi, naye hakuligusa, maana pazia lina masikio na kutafuna kuna sauti. Kwikwi ilimjia, akashindana nayo kilima kizima.

Na ikawa, walipokuwa wakipanda mteremko wa Songambele, mahali ambapo barabara ya vumbi imebanwa, kulia kwake migomba na kushoto mtaro uliochimbwa na mvua za miaka, akatokea adui. Lilikuwa Fuso lililojaa ndizi hadi likawa na nundu, likishuka, likasimama pua kwa pua na gari letu. Dereva wake, Xaveri, alitoa kichwa dirishani na mkono mmoja, viungo vingine vyote akaviacha kazini.

"Amani kwako, ndugu mwenye trela!" akapaza sauti. "Najua unachotaka kuniambia, nami ningekutii, lakini sikiliza msiba wangu. Gia ya kurudi nyuma ya gari hili ilikufa tangu Pasaka, tukaizika kimyakimya, na tangu hapo sijarudi nyuma hata nikisahau kitu nyumbani. Breki ya mkono nayo ni pambo. Mguu huu unaouona, yaani usiouona, ndio umeushika mlima mzima. Nikishuka kukusaidia, ndizi zitatangulia. Rudi wewe, shujaa, hadi uwanja wa kigango ulioupita hapo chini."

Nolasco akatazama kioo cha kulia, akaona migomba. Akatazama cha kushoto, akaona vumbi, kona, na mtaro ukipotea mahali asipopaona. Na kati ya migomba, kama askari anayechipuka ardhini, akainuka mwenye shamba, Salvina, panga mkononi.

"Nimesikia yote!" akatangaza. "Rudini, msirudi, hayo yenu. Lakini migomba hii nimeilea kuliko wanangu, na wanangu wamekwenda Mwanza hawapigi simu, migomba ipo. Atakayeuangusha hata mmoja, tutaonana kwa mtendaji wa kijiji."

Jasho likamshuka Nolasco hadi kwenye mkanda. Mbele ndizi, kulia panga, kushoto shimo, na Omurushaka Dastan anachokonoa meno. Aliogopa, nasema wazi, aliogopa hadi akamwona Gosbert akinyoosha kiganja kudai ufunguo. Ndipo pazia likasogea upana wa vidole, na sauti ikatoka.

"Ewe gari," ikanena, "naona una jicho la kulia tu. Mimi nitashuka niwe jicho lako la kushoto. Nitasimama nyuma nimejifunika mwavuli, nawe usiutafute uso wangu, tazama mwavuli. Mwavuli ukienda kushoto, mkia wako uende kushoto. Ukienda kulia, uende kulia. Ukiinuka juu, njoo. Ukishuka chini, simama. Umesikia?"

"Gari limesikia, mama," Nolasco akauambia usukani.

Ma Anatolia akashuka. Katika kioo cha kushoto likachomoza duara jeusi lenye miguu miwili na kitenge. Duara likainuka juu. Shujaa wetu akatia gia, trela likalia kama ng'ombe aliyeamshwa, na vita vikaanza.

Mwavuli ukaenda kushoto, Nolasco akakata usukani kushoto, na trela, kwa ukaidi ambao trela zote huzaliwa nao, likaelekeza mkia kulia, shambani mwa Salvina. Majani yakakwaruza turubai. Panga likapaa hewani.

"Mgomba! Mgomba wangu!"

Nolasco akafunga breki, akasogea mbele kujinyoosha, hata akabakiza nafasi ya unyayo kati yake na Fuso.

"Usinibusu!" Xaveri akalia. "Nina mke!"

Hapo ndipo Nolasco alipotulia. Mtu anaweza kupigiwa kelele na wengi hadi asisikie hata mmoja, na ukimya ule ukamfaa. Akakumbuka alichofundishwa, kwamba katika kurudi nyuma trela ni mpinzani wa usukani: mkia ukitakiwa kushoto, mikono iende kulia, kidogo, kisha uufuate kabla haujajikunja. Alikijua kwa maneno. Sasa akakitafuta kwa mikono. Mwavuli ukaenda kushoto, mikono ikaenda kulia. Mkia ukatii. Mwavuli ukaenda kulia, mikono ikaenda kushoto. Ukatii tena.

"Mpola," mwavuli ukasema, yaani polepole, maana Ma Anatolia alikuwa amesahau Kiswahili kwa furaha. "Mpola, mpola, wewe gari. Hivyo hivyo."

Songambele yote ilipumua. Hata Salvina alishusha panga hadi kiunoni. Na upepo, ambao hakuna aliyeualika, ukapanda kutoka bondeni, ukaingia chini ya mwavuli, ukaupindua na kuuinua juu kabisa.

Na juu maana yake ni njoo.

Nolasco akaja. Kwa utiifu wa mkwe mwema akaja, na gurudumu la mwisho la kushoto likaanza kula ukingo wa mtaro, udongo ukimomonyoka, maharage ya watu wa Nyakatuntu yakiinamia shimo.

"Nolasco! Simama!"

Akasimama. Breki za upepo zilipiga chafya iliyosikika kigangoni. Na katika kioo, bila mwavuli, bila pazia, bila gurudumu la kumkinga, uso wa Ma Anatolia, kinywa bado kimeshika jina lile, ulikuwa ukimtazama usoni, macho yamemtoka kwa hofu, naye akiyatazama. Walikaa hivyo kwa muda ambao haukuwa mrefu, ila ulitosha. Aliona kuwa mama yule ana macho ya Ainembabazi. Aliona pia kwamba hofu ile haikuwa ya maharage.

Mbingu hazikuanguka. Ma Anatolia akaokota mwavuli uliovunjika mbavu, akaukunja, akalipa kioo mgongo. Na tangu hapo aliongoza kwa mkono mmoja ulioinuliwa begani, uso wake ukilielekea trela. Nolasco akajivuta mbele kidogo, akautoa mguu wa trela ukingoni, akarudi tena, kulia kwa kushoto, kushoto kwa kulia. Na yule Mlutheri wa damu akalichunga gari la maharage kama ndama hadi ndani ya uwanja wa Wakatoliki, likasimama hapo limenyooka, mbele ya wanawake waliokuwa wakifagia kigango. Wakapiga vigelegele wakidhani ni mgeni wa parokia. Fuso likapita likipiga honi, na Xaveri akapunga mkono wake mmoja ulio huru.

Ma Anatolia akarudi juu ya kitanda cha dereva. Ila pazia lilibaki wazi.

Lakini habari za aibu hukimbia kwa simu, na walipofika Omurushaka Gosbert alikuwa amekwisha kuambiwa. Alilizunguka gari akiwa ameinama, akapapasa bampa, akahesabu taa, akafika nyuma, akabandua kwenye turubai kipande kibichi cha jani la mgomba. Akakishika mbele ya macho ya Nolasco kama hakimu anayeshika kisu.

"Xaveri anasema ulikaribia kulilaza mtaroni. Na hili ni jani la nani?"

Dastan akaacha kuchokonoa meno. Nolasco akaingiza mkono mfukoni kuutafuta ufunguo. Gosbert akanyoosha kiganja.

Ma Anatolia alikuwa ameshashuka, kikapu mkononi na ule mzoga wa mwavuli kwapani.

"Shikamoo, mama," Gosbert akasema, mkono wake ukiwa bado umenyooka. "Wewe ulikuwamo. Nasikia ni wewe uliyemwongoza huyu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mkwe wangu sisemi naye. Sijawahi hata kulitaja jina lake. Uliza nyumba yetu yote." Alilisema hilo bila kupepesa, Mungu amsamehe. "Nilisema na gari. Nililiambia lirudi, likarudi. Nililiambia lisimame, likasimama. Mgomba haukuanguka, mzigo haukumwagika, na mwenye shamba alibaki na panga lake halina kazi."

"Gari, mama? Gari halina masikio."

Ma Anatolia akamtazama Gosbert, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Nyakatuntu, akacheka.

"Halina," akasema. "Lina dereva."

Gosbert alitazama jani, akatazama trela lisilo na mkwaruzo, akakirudisha kiganja chake mfukoni. Akamwita tingo apande.

Basi na litangazwe kwa kishindo, Nyakatuntu hadi Kaisho, na watoto wakariri habari hii kabla ya sala! Wako waliosifiwa kwa miji waliyoiteka. Nolasco mwana wa Gaudiosus, dereva wa masafa, asifiwe kwa mtaro ambao hakuuangukia.