Katibu wa Tawi Apita Mkuyuni

Gizani, kabla ya adhana, mlango wa jirani ulilia kwiii. Castory akafumbua jicho moja. Jirani, kibarua wa barabara, alikuwa anaanika fulana yake ya riflekta uani. Mwingine angeona nguo mbichi tu. Castory aliona cheo.

Saa nne alishuka Mkuyuni, riflekta kifuani, buti za mtumba miguuni, kopo la rangi nyekundu mkononi. Akaikazia macho nyumba ya Editha, mama ntilie, akatikisa kichwa kwa majonzi ya kitaalamu, kisha akachora X ukutani.

"Mungu wangu! Nyumba yangu?" Editha akamvuta mwanawe kifuani.

"Pole, mama. Mimi ni katibu wa Chama cha Wahandisi wa Usafirishaji, tawi la mkoa. Barabara inapanuliwa, utavunjiwa bila fidia. Ila sisi nasi ni binadamu. Kiroba kimoja cha huo mdalasini ulioanika, na barabara inakwepa."

"Kiwanja ni cha ukoo wa mama zangu, baba. Bila mjomba sitoi hata ganda."

Castory akachekelea moyoni: mjomba naye ana kiroba chake!

Mjomba Yohana akaja, na ndugu wanane nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ofisi ya tawi lenu iko wapi siku hizi?"

"Mjini, ghorofa ya pili. Nina sekretari wawili."

Editha akaangua kicheko. "Loo! Mwezi jana tawi zima lilikula hapa, likitoka kukagua daraja. Watu saba! Ofisi hawana, kikao walifanyia kwenye benchi langu hili. Na katibu wao ni dada mmoja mjamzito, alinimalizia mlenda wote."

Hata kuku waliona aibu kwa niaba yake.

"Kwetu," mjomba akasema taratibu, "anayechora nyumba ya ukoo bila ruhusa hutozwa faini, na alama yake huifuta mwenyewe kwa chokaa. Au twende kituoni?"

Vitabu vya uhandisi havisemi, ila brashi ya chokaa ni nyepesi kuliko mlango wa mahabusu. Castory akapaka ukuta wenye X. Editha akaona kuta nyingine tatu zitaona wivu. Castory akazipaka nazo, jua likimchoma utosi, ndugu wanane wakimsimamia kama wakandarasi.

"Umeruka hapo, katibu!"

"Samahani, mama."

Alasiri nyumba iling'aa kama ya arusi. Riflekta wakamwachia, maana alikiri ni ya jirani. Buti zikabaki kwa mjomba, ndiyo faini. Katibu akashika njia ya mjini, akirukaruka juu ya kokoto za moto.

Mtoto wa Editha akamsindikiza kwa macho hadi konani.

"Mama," akasema kwa sauti, "yule baba hana viatu."